Wodi na maabara hatusemezani, tufanyeje?

SWALI: Mimi ni muuguzi katika kituo cha afya huku Mbagala. Sampuli za damu zinarudishwa wodini bila maelezo, majibu yanachelewa, kila upande unauita mwenzake mvivu. Mganga mfawidhi ameitisha vikao vya kutupatanisha, watu wakazidi kununiana. Tufanyeje?

JIBU: Pole na kazi. Vikao hivyo havizai kitu kwa sababu ugomvi wenu, kwa tunavyouona, unaanzia kwenye sampuli yenyewe, si kwenye tabia za watu.

Chukua chupa ya kifuniko cha zambarau, ya kupimia picha kamili ya damu. Damu ikishaingia, ipinduliwe taratibu mara 8 hadi 10 ichanganyike na dawa ya kuzuia kuganda. Wodi ikifurika, hatua hiyo inarukwa. Damu inafanya mabonge, mashine haiwezi kuhesabu chembe, maabara inaikataa. Muuguzi mabonge hayaoni. Anachoona ni fomu iliyorudi, na mtoto wa kuchomwa sindano tena huku mama yake akifoka. Kifuniko cha bluu nacho: damu isipofika kwenye mstari, kipimo cha kuganda kinadanganya.

Wekeni daftari la sampuli zilizokataliwa, wodi nayo iwe inalisoma: saa ya kuchukuliwa, saa ya kupokelewa, sababu, nani alipigiwa simu, saa ya sampuli mpya. Jina la aliyechukua damu lisiandikwe, la sivyo watu watalikimbia. Kila Ijumaa, dakika 15, jadilini sababu moja tu, ile inayoongoza, na mteknolojia aje wodini kuonyesha kwa mikono. Majibu ya hatari yapigiwe simu, na anayepokea ayarudie kwa sauti: jina, namba ya faili, kipimo, kiwango.

Na mjuane kwa majina. Orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, ya 2008, inaitaka timu nzima ijitambulishe kwa jina na kazi kabla ya kisu. Ilijaribiwa katika miji 8, Ifakara yetu ikiwemo, na matokeo ya 2009 yalionyesha vifo vimeshuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Kujitambulisha ni kipengele kimoja kati ya 19, ila kwetu kina uzito: anayejulikana kwa jina hasiti kusema, “Daktari, subiri kidogo.”

Wiki za mwanzo daftari litajaa upesi, maana zamani hakuna aliyeandika. Mfawidhi asishtuke, na asimwandikie mtu barua ya kujieleza.