Jibu: Mtoto kurudishwa nyumbani kwa hela ya uji

Pole dada. Umesema mwanao wa darasa la tano huko Ngaramtoni hutolewa mstarini kwa sababu hujalipa uji, na mwalimu humwita "Mmasai wa porini". Hayo ni makosa mawili, andika barua mbili. Ukiyachanganya, watajibu la hela tu na lile la kabila litafukiwa.

Serikali ilitangaza elimu bila ada wala michango ya lazima kuanzia Januari 2016. Sare na madaftari vikabaki kwa mzazi. Chakula wazazi mnaweza kukubaliana kikaoni, lakini deni ni la mzazi. Mtoto hafukuzwi darasani wala hasomwi jina mbele ya wenzake. Hilo linaumiza kuliko njaa yenyewe: anaanza kujificha dawati la nyuma, hanyooshi mkono, mwisho anaitwa mzito.

Barua ya kulalamikia matusi iwe na tarehe, kipindi na maneno yenyewe kama yalivyotamkwa. Mpelekee mwalimu mkuu nakala mbili, yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Kimya kikizidi wiki moja, nenda kwa Afisa Elimu Kata, kisha Afisa Elimu Msingi wa halmashauri. Angalizo: Ngaramtoni iko Halmashauri ya Wilaya ya Arusha, siyo Jiji. Wengi hupoteza siku hapo.

Na kama alichapwa, omba kuona daftari la adhabu. Kanuni za Adhabu ya Viboko za 2002 zinataka viboko visizidi vinne, achape mwalimu mkuu au aliyemteua kwa maandishi, na kila adhabu iandikwe.