Maswali ya Wasomaji: Kutu imekula reli za 240Z yangu, nianzie wapi?

SWALI: Habari fundi. Niko Mombasa, nina Datsun 240Z ya 1972 niliachiwa na ami yangu. Imekaa miaka mingi nje karibu na bahari, imefunikwa turubai tu. Kwa nje inapendeza, rangi bado iko, lakini juzi nimetoa kapeti nikagonga floo ya upande wa dereva, nyundo ikapita. Nikalala chini, nikaona zile reli mbili za chini, ile mihimili ya bati inayobeba floo, zimevimba na kupasuka. Fundi mmoja anasema atachomelea pleti nzito juu ya reli kisha apake andakoti nyeusi, ile rangi nzito ya kufunika chini ya gari, siku mbili kazi imekwisha. Mwingine anasema niikate niuze spea. Halafu mlango wa dereva lazima uunyanyue ndo ufunge. Nifanye nini?

JIBU: Usiikate ndugu yangu, na huyo wa pleti nzito mwambie asante lakini asiiguse. Gari kama hiyo ndiyo Edgar Herrmann na Hans Schüller walishindia Safari Rally 1971, na 1973 Shekhar Mehta na Lofty Drews wakashinda tena na 240Z, kwenye barabara zetu hizi hizi. Leo kuiona moja inatembea ni nadra. Kama bado ina bati zima la kushikilia kazi mpya, inafaa kupiganiwa.

Lakini kwanza elewa ilivyojengwa. 240Z, tunaiita Z, haina chesisi ya peke yake kama pikapu ambayo unaweza ukainua bodi fremu ikabaki chini. Bodi ndo chesisi. Floo, reli, sili (zile boksi ndefu za bati chini ya milango) na ule ukuta kati ya injini na abiria vyote vimeshikana vinabeba uzito pamoja, na bati lenyewe ni jembamba. Sasa ukiona mlango unataka kunyanyuliwa, kabla hujalaumu bawaba, ufungue, ushike ncha yake utikise juu chini. Bawaba zikicheza, basi shida huenda ni pini tu. Zisipocheza, pima pengo la mlango juu na chini gari ikiwa kwenye magurudumu, kisha weka jeki mahali pazima upande huo, inua kidogo upime tena. Pengo likibadilika, bodi inajikunja, na gari hiyo usiiendeshe tena hata kwenda dukani.

Pleti juu ya kutu ni hatari manake welding haishiki kwenye kutu, inashika ule ukoko wa juu tu. Maji ya chumvi yanabaki katikati ya bati mbili yasikauke, na kutu ikizidi inachukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokula, ndo maana reli zako zimevimba, inasukuma hadi maungio yanafunguka. Na pleti nene ukiishonea kwenye bati jembamba, bati linapasuka pembeni ya ile welding baada ya mitikisiko. Andakoti nayo inaficha yote hayo mpaka siku mbaya.

Kabla hujakata chochote tafuta kutu yote, usiishie ile unayoiona. Chukua bisibisi udodose. Angalia chini ya betri, hapo asidi hudondoka na kushuka hadi kwenye reli. Angalia lile boksi chini ya kioo cha mbele, majani ya mwarobaini na mwembe yanaziba matundu ya maji, maji yanalala humo, yanaozesha bati taratibu kwa ndani. Halafu nyuma ya magurudumu ya mbele ndani ya madigadi, kona za chini mbele ya magurudumu ya nyuma, shimo la spea taili, na chini ya mlango wa nyuma mpira wake ukiwa umechoka. Pa kuogopa zaidi ni kwenye reli pale inaposhikwa ile fimbo ya saspensheni ya mbele inayozuia gurudumu lisiende mbele na nyuma. Pakioza, unakanyaga breki gari inavuta upande mmoja.

Ukishajua ukubwa wa kazi, toa viti, kapeti na tangi la mafuta, tangi lisikae hata kona ya gereji, lipeleke mbali. Chomoa betri na oltaneta. Weka gari kwenye stendi nne imara, ukishikilia pale saspensheni inapobebea uzito, isawazishe kwa pima maji. Rekebisha milango ifunge na mapengo yawe sawa ikiwa bado imefungwa kwenye gari. Hapo ndo unachomelea bomba za mraba ndani, moja kuvuka tundu la kila mlango kutoka nguzo ya mbele hadi ya nyuma, na nyingine kutoka upande huu hadi ule. Pima kona kwa kona chini ya gari, kutoka tundu la bolti la mbele kushoto hadi la nyuma kulia, kisha kinyume chake. Vipimo viwili vilingane, na uviandike. Wengi wanaruka hii hatua kwa haraka, wanakata, gari inalala kidogo, wanachomelea ikiwa imelala, na haitarudi tena milele.

Kata upande mmoja tu, umalize, ndo uende wa pili. Kata hadi ufike kwenye bati linalong'aa, usihurumie. Zile nukta za welding za kiwandani zitoboe kwa drili bati litoke bila kuchanika. Z nyingi ziliuzwa Marekani, kwa hiyo reli na floo mpya za kuagiza zipo huko, lakini fundi mzuri wa jua kali mwenye mashine ya kukunja anaweza kukutengenezea, floo geji 18, reli geji 16 (geji ni kipimo cha unene wa bati, namba ikiwa ndogo bati ni nene zaidi). Tumia mashine ya MIG, ile welding inayosukuma waya yenyewe, na waya wa milimita 0.6 na gesi ya mchanganyiko. Rodi za kawaida zitatoboa bati, na gesi ya oksijeni itakunja floo yote kwa joto. Piga nukta hapa, ruka kule, acha ipoe. Maungio yapakwe praima ya zinki kabla hayajafunikana, na ukichomelea bati lenye zinki fungua milango ya gereji, ule moshi mbaya.

Mwisho praima ya epoksi, sila (gundi ya kuziba maji) kwenye maungio, na ndani ya reli na sili upulizie nta, matundu ya maji ukiyaacha wazi. Nta iwe baada ya welding yote, si kabla, manake inashika moto.

SWALI: Fundi, mimi niko Kigamboni na Toyota Celica ya miaka ya 80. Naambiwa nipulizie oili chafu chini ya gari kila mwaka kutu isishike. Kweli?

JIBU: Oili chafu inapunguza kutu kidogo, kweli, lakini inaharibu bushi na mipira, inachafua ardhi na si salama kwa ngozi yako. Siku ukitaka kuchomelea lazima uisugue yote kwanza. Nunua nta ya kupulizia. Na ukitoka ufukweni osha chini kwa maji baridi yasiyo na chumvi siku hiyo hiyo, ingiza hosi hadi ndani ya madigadi, kisha iache ikauke palipo na upepo kabla hujaifunika.