Maswali na majibu: spini ya protoni na msako wa fizikia mpya

Maswali ya safari hii yanahusu majaribio ya kugonganisha protoni ambazo spini zake zimepangwa kuelekea upande mmoja. Majaribio hayo hutafuta ukosefu wa ulinganifu, yaani tofauti ya idadi ya matukio (migongano inayorekodiwa) spini zinapogeuzwa, kwa kuwa huenda ikafichua fizikia mpya: chembe au kani ambazo bado hatuzijui.

Protoni kuwa na spini maana yake inazunguka kama pia, kile kichezeo cha watoto?

Hapana. Pia huchoka ikaanguka. Spini ya protoni haipungui wala haiongezeki. Imo ndani yake kama chaji ilivyo, na ukiipima kwenye mhimili wowote utapata jibu moja kati ya mawili tu: huku au kule.

Huo ukosefu wa ulinganifu unapimwaje hasa?

Kwa kuhesabu. Tuseme spini zikielekea mbele unapata matukio 505,000, zikielekea nyuma 495,000. Tofauti ni 10,000 kati ya 1,000,000, yaani asilimia 1. Ila protoni hazitii zote. Mpangilio ukiwa wa asilimia 50, maana yake robo tatu zinaelekea unakotaka na robo moja kinyume, kwa hiyo unagawanya 0.01 kwa 0.5 na kupata asilimia 2. Kosa la kitakwimu hapo ni kama asilimia 0.2, kwa hiyo huwezi kusema ni bahati tu.

Kazi ngumu ni kuhakikisha tofauti hiyo haikuletwa na kifaa chenyewe. Kwenye mtambo wa RHIC katika maabara ya Brookhaven, New York, wenye mzingo wa kilomita 3.8 na uliofanya kazi hadi 2026, protoni zilisafiri kwa mafungu, na mwelekeo wa spini ulibadilishwa kutoka fungu hadi fungu. Mafungu yalipishana kila baada ya nanosekunde 106 hivi. Kigunduzi, yaani kifaa kinachorekodi migongano, kikianza kuzeeka au joto likipanda, dosari huziangukia pande zote mbili karibu sawasawa, na ukitoa hesabu moja kwenye nyingine inajifuta. Kwangu mimi huu ni mmoja wa ujanja mzuri kabisa katika fizikia ya majaribio.

Sasa fizikia mpya inaingilia wapi?

Hapa ndipo penye utamu. Kani kali, inayozishikilia kwaki (chembe ndogo zinazounda protoni) ndani ya protoni, haibagui kushoto na kulia. Kani dhaifu, inayofanya baadhi ya atomu kutoa mionzi, inabagua: wanafizikia Lee na Yang walishuku hivyo mwaka 1956, na mwaka uliofuata mwenzao Wu akathibitisha kwa atomu za kobalti-60. Basi panga spini za mwale mmoja zifuate mwelekeo wa safari, kisha uhesabu jeti, yaani michirizi ya chembe inayochomoka kwenye mgongano. Kani kali peke yake itakupa tofauti ya sifuri. Kani dhaifu itaongeza kidogo, kiasi kinachokokotoleka. Kikizidi hapo, au alama yake (jumlisha au toa) ikiwa kinyume, kuna mgeni, yaani chembe au kani isiyojulikana.

Mgeni huyo anaweza kuwa bosoni, yaani chembe inayobeba kani, inayoshikana na kwaki bila kuzigusa elektroni. Chembe ya namna hiyo haionekani kwa anayetafuta jozi za elektroni, na kwenye jeti inamezwa na wingi wa matukio ya kani kali. Tofauti ya spini inauondoa wingi huo kwa kutoa tu. Au huenda kwaki zenyewe zimeundwa na vitu vidogo zaidi.

LHC, mtambo wa maabara ya CERN huko Ulaya, ni kubwa zaidi. Kwa nini kazi hii isifanyike huko?

Kwa nishati LHC iko mbali: TeV 13.6 (TeV ni kipimo cha nishati ya chembe), dhidi ya 0.51 ya RHIC. Lakini miale yake haijapangwa spini. Protoni inapoongezewa kasi, sumaku za njiani huivuruga spini mara kwa mara. RHIC iliponea kwa sumaku ziitwazo nyoka wa Siberia, wazo la Derbenev na Kondratenko wa Novosibirsk miaka ya 1970: kila nusu ya mzunguko spini hupinduliwa nyuzi 180, na vurugu ya nusu moja hufutwa na nusu inayofuata.

Kimeshapatikana chochote?

Fizikia mpya, bado. Lakini bosoni W, chembe zinazobeba kani dhaifu, zilizopimwa na vigunduzi vya RHIC viitwavyo STAR na PHENIX zilionyesha tofauti kubwa za spini, kama Modeli Sanifu (nadharia ya sasa ya chembe na kani) inavyodai, na zikafichua kwamba antikwaki (vinyume vya kwaki) za aina mbili, za juu na za chini, hazichangii spini ya protoni kwa kiasi sawa. Ujuzi huo unahitajika, kwa sababu usipojua spini imegawanyikaje ndani ya protoni, huwezi kumtambua mgeni. Mtambo ujao wa EIC, utakaotumia handaki lilelile la RHIC, utagonganisha elektroni na protoni, zote spini zikiwa zimepangwa.