Bakteria wamekula dawa shambani: je, maji ya kisima ni salama?

SWALI: Habari mtaalamu. Nalima vitunguu Ruaha Mbuyuni. Nilimwagia dawa ya klopirifosi kuua sota, na kisima chetu cha maji ya kunywa kiko chini ya shamba. Muuza pembejeo ameniuzia unga wa bakteria, anasema wataila sumu yote ndani ya wiki mbili. Tuendelee kunywa?

JIBU: Hapana ndugu yangu, chukueni maji kwingine kwa sasa. Wala msitegemee kuyachemsha. Moto unaua vijidudu, hauondoi kemikali hizi.

Bakteria wa udongoni huivunja klopirifosi hata bila unga wa kununua. Muuzaji wako hakukwambia kinachobaki baada ya hapo. Inabaki kemikali nyingine iitwayo TCP. Kweli haishambulii neva kama dawa yenyewe, ila klopirifosi hung'ang'ania udongo, ilhali TCP huyeyuka na kushuka na maji, huko huko kilipo kisima chenu. Tena TCP ina atomi tatu za klorini na huwadhuru hao hao bakteria wanaoivunja dawa, hivyo kazi hukwama njiani na TCP huweza kukaa ardhini miezi.

Kinachonichosha kila siku ni hii imani kwamba dawa ikishaliwa na vijidudu, basi imekwisha. Endosalfani tuliyoipulizia pamba miaka na miaka, kabla haijaingizwa mwaka 2011 kwenye Mkataba wa Stockholm, ule wa kimataifa wa kuondoa kemikali sumu zinazodumu, hugeuzwa na kuvu wa udongoni kuwa endosalfani salfeti: sumu yake ni ile ile, na hudumu kuliko mama yake. DDT huacha DDE, inayojikusanya kwenye mafuta ya mwili na iliyofanya maganda ya mayai ya tai kuwa membamba hadi yakapasuka kiotani. Dawa ya wadudu ya asefeti ikivunjika hutoa methamidofosi, kali kuliko asefeti kwa mbali. Halafu mtu anakuja na pakiti isiyo hata na namba ya usajili, anawauzia watu usalama!

Wengine huonyesha karatasi ya maabara: "mabaki hayakuonekana". Waulizeni walipima nini. Ukitafuta klopirifosi peke yake wakati bakteria wameshaimaliza, utaambiwa hakuna kitu, na TCP imo kwenye chupa ile ile. Ukipeleka maji TPHPA (mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu) Arusha au maabara nyingine, uliza kwanza kama wanaweza kupima zote mbili, na uandike hivyo kwenye fomu ya sampuli.