Pijo la Baba, na Gari Langu Lililogoma Gede

Kijana mmoja wa Mambrui ameniandikia. Ana akiba ya gari moja, na anauliza: achukue Peugeot 504 (Pijo, kama tunavyoliita) pikapu ya mzee jirani yao, au gari la Kijapani lililoshushwa Mombasa juzi? Ameniuliza siku mbaya. Wiki iyo hiyo nilikuwa nimevutwa kwa kamba, mimi na gari langu la Kijapani, kutoka Gede hadi Malindi, mchana kweupe, na kila niliyepishana naye ananijua.

Natoka Kilifi usiku, mke wangu pembeni, mtoto amelala nyuma. Tumeingia kipande cha msitu wa Arabuko Sokoke, gari likaanza kuvuma kama nzi ndani ya chupa. Nakanyaga mafuta, injini inalia, mwendo hauongezeki. Mara taa ya manjano ikawaka, na kuanzia hapo hata baiskeli ingetupita. Tukajikokota hadi Gede, likazima. Nikafungua boneti. Nilitaka kuona nini, sijui, maana juu ya injini yote kuna kifuniko cha plastiki nyeusi. Nikakimulika kwa simu kama daktari, nikafunga.

Nikampigia ami. Hakuniuliza kama tuko salama.

"Ungekuwa na Pijo la babako, saa hii ushalala kwako."

Pijo lile nililiuza mimi baada ya matanga, na ami hajanisamehe mpaka leo.

Lilikuwa 504 ya safu tatu za viti, ile iliyobeba abiria Pwani nzima. Magari ya 504 yalishinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978, na baba aliusema ushindi huo kama aliyeendesha ni yeye. Likizima njiani alishuka na kipande cha msasa, akafungua kifuniko cha distributa, akasugua pointi, akapuliza, likawaka. Dakika kumi. Spea ukizikosa Malindi utazipata Kilifi, na kila fundi wa jua kali alilijua gari hilo hata macho yamefungwa.

Lakini ami amesahau, au hataki kukumbuka. Mimi ndiye niliyekuwa nikilisukuma alfajiri kabla ya kwenda chuoni. Mimi ndiye niliyekalia mtungi wa maji, kwa sababu baba hakusafiri bila mitungi miwili: kabla ya daraja la Kilifi kufunguliwa 1991, foleni ya kivuko kwenye jua lile ilichemsha rejeta kila safari. Na chumvi ya bahari ilikuwa imeila sakafu. Nakumbuka tundu la ukubwa wa sahani chini ya miguu yangu, na lami ikikimbia humo. Baba aliliziba kwa kibati cha samli na safari ikaendelea. Mikanda ya viti haikuwapo. Watu wanasifu magari ya zamani kwa yale machache yaliyobaki barabarani. Yale yaliyokufa yaliuzwa kama vyuma chakavu, hakuna anayeyahesabu.

Na langu liliharibiwa na nini? Hapa niseme ukweli ingawa unauma. Gia boksi yake haina gia za kawaida: ni mkanda wa chuma unaozunguka kati ya puli mbili, na unataka oili yake maalumu. Fundi alinitajia bei, nikaiona ghali, nikamwambia atie ile ya gari lolote la otomatiki. Mkanda ukawa unateleza. Nilitaka kuokoa elfu chache. Kitabu cha gari kipo, kimeandikwa Kijapani, na hata picha zake sikuzitazama.

Basi kijana wangu, kabla hujauliza gari gani, uliza nani atalitengeneza. Ukinunua la kisasa, sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza lililozidi miaka minane, lakini miaka minane ni mingi. Lipimwe kwa mashine kabla hujatoa pesa, na umwagishe oili ya gia boksi mbele ya macho yako, utie inayotakiwa. Nunua oili hiyo mwenyewe. Ukinunua la zamani, inama chini na tochi uangalie kutu, kisha inama tena. Sisi wa kando ya bahari lazima tuoshe gari mpaka uvunguni, maana chumvi hailali, na soketi za sensa zikishaota ukungu wa kijani taa zitawaka usizozijua. Na oili, kijana wangu. Oili! Tunapamba gari kwa stika na muziki, tunalinyima oili, halafu tunawatukana Wajapani. Baba alimwaga oili kila kilomita elfu tano, akaandika tarehe kwa kalamu kwenye mlango, ndani. Nilipoliuza, safu ya tarehe ilikuwa imeshuka hadi kwenye kitasa. Tunasema Pijo lilikuwa gumu. Je, mwenyewe?

Gia boksi nimepata ya mtumba Mombasa, na bei yake sitaiandika, mke wangu husoma humu.

Leo asubuhi ami amepiga simu. Alhamisi ana kliniki Mombasa. Akazunguka weee, akauliza habari za mtoto, akauliza mvua, mwisho akasema: "Na ile gari yako yenye baridi, imepona?"