Kwa nini sichongi kutoka kwenye picha ya simu

Mwanangu, salama huko? Sisi wazima, mama yako anakusalimia sana. Juzi uliniuliza kwenye simu, baba si upige picha hayo majani ukachonge ndani kwa raha zako, jua lote hilo bustanini la nini, chaji ikaisha sijakujibu.

Simu naipenda, usidhani mzee kapitwa na wakati. Ila picha ya simu inakupa vyote kwa mpigo, jani, kivuli, vumbi mpaka uzio wa jirani, na lino, lile bapa laini ninalolichonga kisha nikapaka wino na kuchapa karatasini, haibebi vyote. Ukishaikata ndo imetoka hiyo, palipochongwa panabaki peupe, palipobaki panashika wino wa rola, kwa hiyo kabla sijashika patasi niwe nishajua nini naacha. Chuma jani dogo moja la mwarobaini uliangalie pale kwenye kikonyo, upande mmoja unaanzia juu kuliko mwenzie, halafu lenyewe limepinda kama mundu. Wengi wanachora pande zote sawa, likichapwa ni jani la mti wowote tu.

Alafu kunde. Zile zinazotambaa, mche unazunguka kijiti upande mmoja tu, uzungushe kinyume kwa mkono, ncha ikikua inarudia njia yake ileile. Sasa lino inageuza, kulia inakuwa kushoto, ukichonga kama ulivyoiona basi karatasini kunde inapanda upande ambao haijawahi kupanda tangu dunia iumbwe, na mkulima wa huku Muheza atahisi kuna kitu hakijakaa sawa hata kama hatakwambia ni nini. Ndo maana naenda shambani na kile kioo changu cha kunyolea, nachora kilichomo kwenye kioo. Najua majirani wanacheka, wacheke.

Ukipata likizo twende wote Amani, kule msituni milimani. Nayataka yale maua madogo ya zambarau ya Usambara, yale Mjerumani Saint Paul-Illaire aliyapeleka kwao miaka ya 1890 na sa hivi yanauzwa kwenye vyungu Ulaya nzima. Ya kwenye chungu siyataki, nayataka yakiwa juu ya jiwe lake, kivulini, pabichi. Yale manyoya ya kwenye majani sijui ntayatoaje, labda vidotidoti kwa patasi ndogo kabisa, tutaona hukohuko.

Na uje na karatasi nzito, huku zimeadimika. Zisikunjwe, zungushia kwenye bomba.

Baba yako