Majani ya mkindu yaliyoshonwa: je, mti utakufa?

Swali: Nina mikindu mitatu mbele ya nyumba yangu hapa Moshi mjini. Majani yake yanakunjwa na kushonwa kwa nyuzi nyeupe, huku kingo zake zikiliwa, na ndani nimekuta kiwavi. Fundi wa bustani anasema ni chonga, na kwamba nisipopiga dawa miti itakufa. Je, ni kweli?

Jibu: Huyo si chonga. Chonga ni mbawakawa mweusi mwenye pembe, anayetoboa moyo wa mnazi na jamii yake, na kwa kuwa kila shina la miti hii lina sehemu moja tu ya kukulia, moyo ukiharibika shina hilo haliponi. Kiwavi wako anakula majani tu, na maelezo yako yanalingana na ya Zophopetes dysmephila, kipepeo ambaye Roland Trimen alimtambulisha kitaalamu mwaka 1868 na ambaye viwavi wake hula mikindu, minazi na mitende ya mapambo.

Fungua taratibu jani moja lililoshonwa. Utaona kichwa kikubwa, kisha shingo nyembamba, kana kwamba kimefungwa uzi, halafu mwili laini wa rangi ya kijani iliyofifia; na ukikuta unga mweupe kama nta, ujue kiwavi amekwisha kugeuka bundo, yaani hatua ya mwisho kabla ya kuwa kipepeo, au yuko karibu kugeuka. Kipepeo mwenyewe ni wa kahawia, mwenye mwili mnene, na huruka kwa kasi giza linapoingia, ndiyo maana wengi humdhania kuwa nondo.

Kwa mikindu iliyokomaa mimi nisingepiga dawa. Kiwavi amejificha ndani ya bomba lake la hariri, hivyo dawa ya kunyunyizia humfikia kwa shida, ilhali inawaua nyigu wadogo wanaotaga mayai ndani ya viwavi na kuwapunguza bila gharama yoyote kwako. Miche ya kitaluni ni jambo jingine, kwa sababu ina majani machache na kila jani lina thamani: ikague kila wiki, ufungue majani yaliyoshonwa na kuwaokota viwavi kwa mkono.

Kabla ya yote, kagua moyo wa kila shina. Ukiona tundu lenye nyuzinyuzi zilizotafunwa, au jani jipya likifunguka limekatwa kama kwa mkasi, hapo fundi wako atakuwa na hoja, nawe umwite bwana shamba bila kuchelewa.